Mkamwana wa Mdomoni

Kumwogesha mzee aliyepooza ni kazi ambayo kila mtu huisifu na hakuna anayeitaka. Watu watakuita malaika, watakuombea kwa Mungu, watasema wao wasingeweza. Halafu ukiuliza habari ya mshahara wanakutazama kana kwamba umewatukana. Tusekile alikuwa amesifiwa hivyo miaka mingi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Iringa. Sifa alikuwa nazo tele. Alichokosa ni mabati.

Mabati ndiyo yaliyomnyima raha. Kule Kihesa alikuwa na kiwanja, na juu ya kiwanja kuta za nyumba ya vyumba viwili, alizozijenga kidogo kidogo kwa matofali mabichi tangu mumewe alipofariki. Kuta zilikuwa zimefika mahali pa kupaua, zikakwama hapo. Mvua za mwaka uliopita ziliula ukuta wa nyuma ukalala chini wote. Akaujenga upya, akaufunika juu kwa nyasi na magunia. Mama yake mzazi alikuwa amehifadhiwa katika jiko la jirani, na jirani mwenyewe alikwisha kuanza kuguna. Mvua nyingine ikizikuta kuta zile wazi, basi, kwisha habari yake.

Ndipo akatokea Eliezeri.

Baba yake Eliezeri, Mzee Andendekisye, alikuwa nyapara mstaafu wa mashamba ya tumbaku, Mnyakyusa wa Rungwe aliyezeekea Iringa. Alianguka bafuni, akaletwa wodini upande wa kulia umekufa na maneno yakimtoka moja moja kwa shida. Wahudumu wengine walipata taabu naye. Tusekile, ambaye naye kwao ni Rungwe, alikuwa akiingia asubuhi na beseni lake na kumsalimu kwa lugha ya nyumbani, "Ugonile, tata," yaani umeamkaje, baba, na mzee anakuwa mpole. Anageuzwa, anaoshwa, anapakwa mafuta mgongoni asipate vidonda, anakula uji mpaka chini ya bakuli. Mtu mwingine akishika kijiko, mzee anafunga mdomo, na ukifungwa umefungwa.

Eliezeri alikuwa ofisa ugavi wa shirika moja la umma Mbeya, mtu wa suti ya kaunda na kalamu tatu mfukoni. Aliyaona hayo yote akiwa amesimama miguuni pa kitanda, akamvuta Tusekile pembeni.

"Dada Tusekile, madaktari wanasema hapa wamemaliza yao. Nataka kumpeleka mzee kwangu, Iyunga. Twende ukamtunze wewe. Mshahara wako wa hospitali ni ule ule, sipunguzi hata senti. Chakula juu yangu, kulala juu yangu. Na mgonjwa ni mmoja, siyo wodi nzima!"

Tusekile akaona mabati yakipangwa juu ya kuta zake moja baada ya jingine. Kama halipi chumba wala hanunui unga, si mshahara wote unakwenda juu ya nyumba? Akaenda kumuaga Sista Benedicta, mkuu wa wodi, mama mkali mwenye sauti ndogo.

"Ukitoka hapa umetoka, Tusekile," Sista alimwambia. "Nafasi yako itapata mtu kabla kitanda cha mzee hakijapoa."

"Nimesikia, Sista."

"Hujasikia. Ukivaa gauni hili la hospitali wewe ni mhudumu, na mshahara wako umepangwa na serikali. Kule utavaa nini?"

Tusekile alicheka. Nguo zake si anazo? Moyoni alijiambia kwamba Sista anaona kijicho, na akaenda kufunga sanduku lake.

Wakasafiri, mzee amelazwa kwenye godoro nyuma ya Landrova ya shirika, Tusekile amekishika kichwa chake njia nzima kisigonge ubao. Walipofika Chimala, Eliezeri alisimama kununua gunia la mchele, likatupwa pale pale miguuni pa Tusekile, hata kufika Iyunga hakuwa anajua kama miguu anayo. Haya, angejua yatakayofuata, lile gunia lingemwambia kitu.

Walipolakiwa, Yudith, mke wa Eliezeri, alitoka na vigelegele. Alipoona mzee anateremshwa, kigelegele kikakatika katikati. Akajifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni na kukimbilia nyuma ya nyumba. Msimcheke. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkamwana haingii chumbani kwa mkwewe, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia porini. Siku hizo vijana wengi walikuwa wamekwisha kulegeza, hasa watu wa kanisani, lakini Mzee Andendekisye hakuwa mtu wa kulegeza kitu. Na mtoto wa kiume naye haoni utupu wa baba yake. Kwa hiyo katika nyumba ile ya watu wazima wenye mikono yao yote, hapakuwa na hata mmoja wa kumwogesha.

"Ndiyo maana tumekuleta, dada," Yudith alimwambia wakiwa jikoni. "Mimi nikimsikia anakohoa natamani nimpelekee maji. Nitaingiaje sasa? Nitapita dirishani?"

Yudith alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na hakuwa na roho mbaya. Roho mbaya, kama tutaiita hivyo, ilikuja mwisho wa mwezi ndani ya bahasha. Eliezeri alimpa Tusekile bahasha ile sebuleni, huku anatabasamu. Tusekile akaifungua.

"Ndugu Eliezeri, mbona hii ni nusu?"

"Nusu ya nini?"

"Ya mshahara wangu. Tulivyopatana kule hospitali."

"Aa, dada! Ule ulikuwa wa hospitali. Hospitali ni serikali, ina fungu lake. Hapa ni nyumbani. Unakula nasi, unalala kwetu, watoto wanakuita shangazi. Sisi hatukuoni kama mfanyakazi. Wewe ni mtu wetu."

Loo! Maneno matamu hayo, unaweza kuyapaka kwenye mkate. Tusekile akabaki ameishika bahasha, hajui aangalie wapi. Mwili wa mzee ulikuwa ule ule, uzito ule ule, kinyesi kile kile. Mikono yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nyumba tu, na kwa kubadilika nyumba mshahara umekatwa katikati.

Na huyo "mtu wetu", jamani, ana mambo yake. "Mtu wetu" ndiye anayekwenda bombani kukicha, maana ameshaamka. Ndiye anayewavalisha watoto sare, maana yuko tu. Wageni wa shirika wakija kula, "mtu wetu" anachoma nyama, halafu anarudi kumgeuza mzee mikono ikinuka moshi. Hospitalini alikuwa na zamu, zamu ikiisha anavua gauni na kwenda zake. Iyunga zamu haikuisha. Wala Jumapili haikuwepo, maana mtu hapumziki kwao, au sivyo?

Alifikiria kurudi Iringa. Akamtumia salamu Sista Benedicta kwa dereva mmoja wa malori, na dereva akarudi na jibu kwamba nafasi ina mtu, na huyo mtu anajitahidi. Basi Tusekile akapiga moyo konde. Nusu mshahara ni afadhali kuliko mkono mtupu, alijiambia, ila kwa nusu mshahara mabati yangekuja baada ya kuta kuanguka, na hilo alilijua vizuri kabisa.

Kitu kimoja tu kilimpa raha katika nyumba ile, nacho ni mzee mwenyewe. Alasiri, kazi zikipungua, Tusekile alivuta kigoda karibu na kitanda, wakasikiliza redio. Mzee aliwasimanga wasomaji wa taarifa ya habari kwa neno moja moja. "Mwongo," anasema. Baadaye kidogo, "Huyu naye." Tusekile anacheka, mzee anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha anamwita kwa jina, "Tusekile," kumaanisha amechoka, amgeuze.

Siku ya Bwana Kazi ilikuja hivi. Serikali ilikuwa imetangaza mishahara mipya ya chini, na maofisa wa kazi walikuwa wakizunguka mitaani kuona kama waajiri wanaifuata. Bwana Kazi wa Iyunga alipita akiongozwa na Jailos, balozi wa nyumba kumi, Msafwa mmoja mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mtu asiyependa mzaha. Walikuta Eliezeri yuko sebuleni na mlango wa chumba cha mzee uko wazi, na Tusekile anapita na beseni.

"Huyu ni mfanyakazi wako, Ndugu?" Bwana Kazi aliuliza.

Eliezeri alipata homa pale pale. Enzi zile ofisa wa shirika la umma kuitwa mnyonyaji lilikuwa jambo la kumkosesha mtu kazi. Aseme ndiyo, ataulizwa anamlipa nini. Aseme hapana, huyu mwenye beseni ni nani?

"Hapana, hapana," alisema. "Huyu ni shemeji yangu. Mke wa mdogo wangu Isakwisa, yule aliyeko kwenye reli, huko Mlimba."

Jailos akakunja uso. "Isakwisa ameoa? Mbona hatukusikia harusi?"

Hapo Eliezeri angenyamaza angepona. Lakini mwongo akibanwa huongeza.

"Harusi ya kanisani bado, balozi. Ila mambo ya kimila yamekwisha. Ng'ombe wa mzee wameshapelekwa kwao Rungwe, wameshapokelewa. Ni mke kabisa."

"Ahaa, hongera sana, shemeji," alisema Bwana Kazi, na Jailos naye akampa Tusekile mkono. Tusekile alifungua kinywa. Eliezeri akamtazama, na katika jicho lile kulikuwa na sanduku lake limetupwa barabarani. Akapokea ule mkono, akafumba kinywa. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, akaishusha, akaenda zake na beseni.

Jioni, kama kawaida, akaingia kwa mzee na maji ya moto, sabuni na kitambaa.

Mzee akalivuta blanketi kwa mkono wake mzima, akajifunika uso.

"Tata, ni mimi."

"Mkamwana," sauti ikatoka chini ya blanketi. "Toka."

"Tata, mimi ni Tusekile! Tulikuwa pamoja tangu wodini."

"Ng'ombe," alisema mzee. "Toka."

Tusekile akatoka kinyumenyume, maji yakimmwagikia miguuni. Alipomweleza Yudith jikoni, Yudith alimtazama kwanza, akaelewa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele wa Chimala, akajifuta machozi kwa upande wa kitenge.

"Karibu, mke mwenzangu wa nyumba moja," alisema. "Sasa tutakuwa wawili wa kujificha nyuma ya nyumba. Mungu wangu, huyu mume wangu atampata wapi wa kumwogesha mzee sasa?"

Eliezeri alipopata habari hakucheka. Akaingia chumbani. "Baba, yale yalikuwa maneno tu. Ya kumwondoa yule mtu wa serikali."

Mzee alishusha blanketi, akamkazia macho.

"Umesema ng'ombe," alisema polepole. "Wangu. Mbele ya watu."

"Lakini baba, wewe mwenyewe unajua hakuna ng'ombe aliyetoka!"

"Najua." Akapumzika, akakusanya maneno mengine. "Umesema mbele ya watu. Futa mbele ya watu."

Hapo ndipo pagumu. Kufuta mbele ya watu ni kumwita Jailos na Bwana Kazi na kusema, jamani, niliidanganya serikali sebuleni kwangu. Eliezeri alijikuna kichwa. Akachukua beseni mwenyewe, akavuka kizingiti. "Mtoto," mzee aliguta, "utupu wangu? Toka!" Akatoka.

Asubuhi chumba kikaanza kunuka, na ikabidi mtu atafutwe. Akapatikana Sedekia, mhudumu wa hospitali moja ya pale Mbeya ambaye, zamu yake ikiisha, alikuwa akizunguka kwa baiskeli kuogesha wagonjwa wa majumbani. Alikuwa kijeba mwenye mikono mipana na bei ya kushangaza. Eliezeri alijaribu kumwambia habari za undugu, kula pamoja, kuwa mtu wetu. Sedekia akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akataja bei ile ile.

Akawa anakuja asubuhi na jioni. Anaegesha baiskeli, anaingia, anaogesha, anatoka, anapewa fedha yake mlangoni, anapanda baiskeli. Hakuna aliyemtuma maji. Hakuna mtoto aliyemwita mjomba. Tusekile aliyatazama hayo akiwa amejifunika kitenge, maana sasa na yeye akipita mbele ya chumba kile alitakiwa ajifiche. Iliuma. Alisikia Sedekia anavyomgeuza mzee haraka haraka, na mzee anaguna, na mikono yake mwenyewe ikawa inawasha kwa kutaka kuingia. Siku moja akamsubiri Sedekia getini.

"Kaka Sedekia, nikuulize kitu, usinifiche. Kazi unayoifanya ndiyo niliyokuwa naifanya mimi. Kwa nini wewe kwa wiki moja unapata kupita ninachopata kwa mwezi?"

Sedekia akafunga sabuni yake kwenye gazeti. "Kwa sababu mimi naondoka, dada. Wewe unalala humo."

Akapanda baiskeli, akaenda. Tusekile akabaki pale getini na ndoo.

Mwisho wa mwezi Eliezeri, aliyekuwa ameshakamuliwa na Sedekia, alitaka afidie mahali. Bahasha ya Tusekile ikazidi kuwa nyembamba. "Sasa kazi ya mzee huna, dada," alisema bila hata aibu. "Umebaki na za jikoni tu. Lazima tupunguze, au unaonaje?" Alasiri ile ile, dereva wa lori aliyetoka Iringa alisimama njia panda kumpa salamu. Mama mzima. Ila mawingu yameanza kukaa, na upepo umechukua magunia ya ukuta wa nyuma, na jirani anataka jiko lake.

Sijui ni kipi kilichomwasha zaidi, bahasha au magunia. Tusekile hakumuaga mtu. Alivua aproni ya Yudith, akapanda kilima mpaka shambani kwa Jailos. Balozi alikuwa akipalilia kahawa.

"Shikamoo, balozi. Nimekuja kukurudishia mkono wako ulionipa hongera. Mimi siyo mke wa mtu. Huyo Isakwisa hata sura yake siijui."

Jailos akaliacha jembe lisimame peke yake udongoni. "Unasema?"

"Mimi ni mfanyakazi. Nilitolewa hospitali ya Iringa kwa ahadi ya mshahara wangu, na nalipwa kama mtoto anayetumwa dukani. Siku ile niliogopa, nikanyamaza. Leo siogopi."

Mzee wa kanisa kupewa uongo aubariki kwa mkono wake mwenyewe! Jailos akaling'oa jembe lake. Akanawa mikono, akavaa koti, akaenda kwa Bwana Kazi, na kesho yake wakafika pamoja kwa Eliezeri, wakaketi. Mlango wa chumba cha mzee uliachwa wazi, Tusekile mwenyewe ndiye aliyeufungua kwa kuusukuma na mguu, uso umefunikwa. Yudith alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, sikio limebandikwa.

Eliezeri alitoka jasho mpaka suti ikabadilika rangi mgongoni. Alianza na Biblia, akapitia uchumi wa nchi, akafika kwenye bei ya mafuta. Jailos akamkatiza.

"Ng'ombe walitoka au hawakutoka?"

"Hawakutoka."

"Huyu mama ni mke wa mdogo wako?"

"Siye."

"Ni nani?"

"Ni mfanyakazi wangu," alisema Eliezeri kwa sauti ndogo.

"Mzee amesikia?" Jailos aliuliza kuelekea chumbani.

"Nimesikia," mzee alijibu.

Tusekile akakishusha kitenge mabegani. Alihisi kama ametua mzigo wa kuni, na akamgeukia Bwana Kazi kusubiri haki yake. Bwana Kazi alikuwa kijana mwenye heshima. Alikohoa.

"Ndugu Eliezeri, utamlipa huyu mama kima cha chini cha watumishi wa nyumbani. Kuanzia sasa, bila kupunguza."

"Nitalipa," Eliezeri alisema upesi, na uso wake ukapata nafuu. Tusekile akaiona ile nafuu, akashtuka.

"Na kima hicho," alimuuliza Bwana Kazi, "ni sawa na cha hospitali?"

"Hapana, mama. Kiko chini. Chini kiasi."

"Kwa nini? Mimi sikuja kupika humu. Nilikuja kumtunza mgonjwa."

"Nakuelewa, mama. Lakini kwenye kazi yetu tunatazama mahali. Ukiwa wodini unaitwa mhudumu wa hospitali. Ukiwa unaishi kwa mtu na kumfanyia kazi ndani ya nyumba yake, unaitwa mtumishi wa nyumbani. Sikupanga mimi."

"Na huyu mzee? Naye akiwa wodini ni mzito, akiwa nyumbani amepungua uzito?"

Yudith alicheka nyuma ya mlango, akajiziba. Bwana Kazi aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Tusekile alifikiria kuta zake, akamfikiria Sista Benedicta na swali lake la nguo, kisha akamfikiria Sedekia anavyofunga sabuni kwenye gazeti.

"Kwa hiyo ubaya ni kuishi humu," alisema. "Basi sitaishi humu. Naondoka."

Eliezeri akasimama. "Unaondoka kwenda wapi? Na mzee je?"

"Nyumba ya tatu kutoka hapa kuna chumba cha kupanga. Nitakaa huko. Nitakuja asubuhi na jioni kumwogesha mzee, kumgeuza na kumlisha, halafu naondoka. Maji ya kunywa mtachota wenyewe, na watoto watajivalisha. Bei yangu ni ya Sedekia. Ukiona ni kubwa, Sedekia yupo, endelea naye."

"Lakini dada, wewe ni mtu we..." Eliezeri alianza, akaona Jailos anamtazama, akaliacha neno hewani.

Ndipo sauti ikatoka chumbani. "Tusekile."

Tangu siku ya ng'ombe wale wasiokuwepo, mzee hakuwa amelitaja jina lile.

"Abee, tata."

"Maji," alisema Mzee Andendekisye. "Ya moto. Huyo mwanaume ana mikono ya kuchuna ng'ombe."

Yudith hakujizuia tena, na safari hii hata Jailos alicheka, akijificha kwa kikohozi. Eliezeri alikubali. Angefanya nini? Bei alikuwa ameshazoea kuilipa, na baba alikuwa ameshachagua.

Tusekile akahamisha sanduku lake siku ile ile. Sedekia hakununa, maana alikuwa na wagonjwa kuliko mikono. Akamwachia hata mmoja, Mzee Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyetoka bonde la Usangu kuja kukatwa mguu, akiugulia kwa mwanawe kando ya barabara kuu. Huyo alilipa fedha na samli juu yake. Siyo kwamba Tusekile sasa alikuwa amelala kwenye pamba. Kodi ya chumba aliilipa yeye, unga aliununua yeye, na siku aliyoshikwa na malaria hakupata hata shilingi, wakati hospitalini angelipwa amelala. Aliyapima hayo, akaona bado mizani inalalia kwake.

Mabati aliyapata kwa kuhangaika, maana madukani yalikuwa adimu, akayapakia kwenye lori la yule dereva wa salamu. Fundi akayapigilia Kihesa, na mama akahamia ndani kukiwa hakuna hata mlango. Dereva aliporudi alikuja akicheka. Mvua imepiga, alisema, mvua yenyewe ya mawe, na mama yako analalamika kwamba bati linapiga kelele, hasikii hata mtu akimwamkia. Tusekile alisikiliza habari ile akiwa amesimama barabarani na kapu lake, akalia hapo hapo mbele ya wapita njia, wala hakujali.

Jioni hiyo alimwogesha mzee, akampaka mafuta, akambadilishia shuka, akamlisha. Akafunga sabuni yake kwenye gazeti. Redio ilikuwa ikisoma habari na mzee alikuwa amekwisha kumwita msomaji mwongo. Tusekile alikuwa ameshafika mlangoni, kapu begani.

"Kaa," alisema mzee. "Kaa kidogo, mwanangu."

Tusekile akageuka. Kigoda chake kilikuwa pale pale ukutani, na juu yake vumbi, kwa sababu tangu ahame hakuna aliyekikalia. Sebuleni alimsikia Eliezeri anakohoa.

"Usiniite mwanangu, tata," alisema. "Utanipunguzia mshahara."

Mzee alicheka kwa upande wake mmoja, akacheka mpaka machozi yakamtoka kwa upande mwingine. Kisha akaendelea kumtazama. Tusekile alisimama kidogo pale mlangoni. Akatua kapu, akakifuta kigoda kwa kiganja, akakaa.